Uso wa Mwalimu Lydiah

Tangu Lydiah akiwa msichana mdogo, mama yake alizoea kumwambia kwamba uso wake ni nyumba isiyo na pazia: mpita njia yeyote huona kinachopikwa ndani. Akifurahi, nyusi zilipanda. Akichukizwa, midomo ilijikunja kabla hata yeye mwenyewe hajajua kwamba amechukizwa. Kwenye karata alishindwa na kila mtu, wakiwemo wapwa zake wadogo. Lakini aliuhesabu uso huo kuwa baraka, maana watoto waliupenda, na mwalimu anayependwa na watoto ana nusu ya kazi mkononi.

Alifundisha watoto wa miaka sita hadi tisa katika shule ndogo ya Montessori katika mtaa wa Tena, chini ya jengo la ghorofa ambalo kila kibaraza chake kilikuwa kimeanikwa nguo. Shuleni humo hamkuwa na mtihani wa kila wiki, wala hakuna mtoto aliyejua kama yeye ni wa kwanza au wa mkia. Watoto walitandika mikeka yao sakafuni, wakachagua kazi kwenye rafu, naye Lydiah akakaa kwenye kigoda chake akiwatazama. Huko kutazama ndiko kulikokuwa mtihani, ingawa hakuna aliyejua kwamba anatahiniwa. Nani amekwama, nani amevuka, nani aonyeshwe nini kesho, yote aliyapata kwa macho. Mwenye macho haambiwi tazama, na Lydiah hakuwahi kutilia shaka macho yake.

Jumatatu jioni, watoto wakiwa wamekwisha kwenda, akaingia Kyule, baba yake Kavata. Kyule alikuwa karani kortini Makadara, mtu wa shati lililopigwa pasi likanyooka, na kwake yeye jambo lisiloandikwa lilikuwa kama halijatokea. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani. Palikuwa na hesabu moja tu, 432 kugawanya kwa 3, na mahali pa jibu palikuwa na tundu.

"Hilo tundu ni la raba, madam," alisema.

"Karibu kwanza ukae, Baba Kavata."

"Nitakaa nikishasema. Ripoti yenu inasema Kavata amefikia matarajio. Matarajio ya nani? Jana tukitoka kanisani nikampa hii. Anaandika, ananiangalia, anafuta. Anaandika, ananiangalia, anafuta. Mpaka karatasi ikatoboka. Na ni mtoto wa miaka minane!"

"Labda ulimwangalia kwa ukali."

"Nilimwangalia vile mimi huangalia."

Lydiah alitaka kucheka, na bila shaka uso ulikwisha kucheka, kwa sababu Kyule alizidi kununa.

"Kavata anajua kugawanya," Lydiah akasema. "Nimemwona kwa macho haya, na si mara moja. Akiwa na shanga hakosei."

"Sawa. Lakini mimi nimeongea na shule moja huko Umoja. Huko kila wiki kuna mtihani, na mzazi anajua mtoto wake amesimama wapi. Nafasi wamenishikia mpaka wiki hii iishe. Sitaki maneno mengi na wewe, madam. Mtoto mwenyewe anakupenda, hata mimi najua. Lakini nionyeshe."

"Njoo Ijumaa asubuhi. Ukae hapa, uone mwenyewe."

Alisema hivyo kifua mbele. Alimpenda sana Kavata, yule mtoto mwenye meno mawili mapya makubwa kuliko uso wake, anayenong'oneza shanga kama mtu anayebembeleza kuku waingie bandani. Wazo la mkeka wake kukunjwa na kuwekwa kando lilimuuma Lydiah hata kabla halijatokea. Lakini alipokuwa akiosha vyombo nyumbani jioni ile, maneno ya Kyule yalimrudia. Anaandika, ananiangalia, anafuta. Aliyaosha yale maneno pamoja na sufuria, yasitoke.

Jumanne alimwambia Kavata achukue shanga za kugawanya, akampa hesabu ileile ya 432 kwa 3. Ni kazi nzuri ile. Kuna ushanga mmoja mmoja, kuna kijiti cha shanga kumi, kuna mraba wa shanga mia. Mtoto hugawa kwenye visahani, akianza na mia, na kisichogawanyika hukipeleka kwenye rafu wanayoiita benki, akakibadilisha kwa vidogo: mraba mmoja kwa vijiti kumi, kijiti kimoja kwa shanga kumi. Visahani vikilingana na mkono ukabaki mtupu, hesabu imekubali. Hakuna haja ya mtu kusema ndiyo au hapana.

Siku zote Lydiah alikuwa akitazama mikono ya Kavata. Siku hiyo alitazama macho.

Mkono ulielea juu ya kisahani, ukasita. Macho yakapanda kwenye uso wa Lydiah, yakatulia hapo kidogo, na mkono ukashuka mahali sawasawa. Mkono ukaenda kwenye kijiti kilichobaki, ukasita. Macho yakapanda. Lydiah alizisikia nyusi zake mwenyewe zikiinuka, kama mtu anayesikia mlango ukifunguka chumba cha pili, na mara Kavata akanyanyuka kwenda benki. Jibu likatoka: mia moja arobaini na nne. Sahihi kabisa, na la Lydiah peke yake.

Aliona aibu iliyomchoma masikio. Wiki baada ya wiki alikuwa akijiandikia kwamba Kavata amemudu, kumbe alikuwa akiusahihisha uso wake mwenyewe. Na yule maskini nyumbani alikuwa amefanya alilozoea, akautafuta uso wa baba yake, na uso wa baba haukuwa na kitu ila ukali, basi akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Saa ya chai alimweleza mwalimu mkuu, Madam Shiundu, ambaye alikuwa mwanamke wa moyo mkubwa na subira fupi.

"Sasa shida iko wapi?" Shiundu akauliza. "Ijumaa kaa mahali pako pa kila siku. Mtoto atapata, baba atatosheka, nafasi ya Umoja itapita. Halafu mtamfunza polepole, si yuko?"

Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Ulikuwa mtamu hasa, na Lydiah aliutafuna siku nzima. Kukaa tu kwenye kigoda! Asingehitaji hata kufungua mdomo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wa hii aliuona: Kavata mwenye miaka tisa, kumi, kumi na tano, akitafuta nyuso.

Jumatano alikihamisha kigoda akakaa nyuma ya Kavata. Mtoto aligeuka mara moja.

"Tichee, mbona unakaa huko? Umenikasirikia?"

"Hapana, mama. Nataka shanga ndizo zikwambie, si mimi."

"Lakini shanga haziongei."

"Zinaongea. Mimi ndiye nilikuwa napiga kelele."

Kavata hakuelewa, na kusema kweli alinuna. Aligawa mia, akabadilisha, kisha akakwama kwenye kijiti kimoja kilichobaki. Alhamisi alikwama palepale, akarudisha trei kwenye rafu kazi ikiwa nusu, akaenda kuchora ramani. Lydiah alimwacha. Alirudi nyumbani akijua kwamba Ijumaa huenda ikawa siku ya mwisho ya Kavata kwenye mkeka ule, na kwamba chanzo ni yeye mwenyewe.

Ijumaa Kyule alifika mapema, na kiti pekee kilichokuwepo kilimfanya magoti yamkaribie kidevu. Alikiburuta mbele ya mkeka wa binti yake, akakunja mikono.

"Baba Kavata, njoo tukae huku nyuma," Lydiah akasema.

"Nyuma? Nitaona nini nyuma?"

Lydiah alimvuta kando, sauti chini. "Jumatatu nilikwambia anajua. Nilikosea. Alikuwa anasoma uso wangu, na uso wangu ndio uliokuwa unagawanya. Leo sijui kama ataweza. Lakini akiweza, itakuwa ni yeye."

Kyule alimkodolea macho. Kortini alikuwa amezoea kuona watu wakikana hata yaliyo wazi, na hakujua afanye nini na mtu anayekiri kabla ya kushtakiwa. Alikiinua kiti chake kidogo, akaenda nacho nyuma.

Kavata alipewa hesabu ileile ya tundu. Akaleta miraba minne, vijiti vitatu, shanga mbili. Akaweka mraba mmoja kwenye kila kisahani, akabaki na mmoja, akauangalia, akaenda benki na kurudi na vijiti kumi. Akagawa. Vinne, vinne, vinne, na kijiti kimoja mkononi. Hapo ndipo palipokuwa na shimo lake.

Alikaa nacho. Kisha akakiweka kwenye kisahani cha kwanza, na zile shanga mbili zilizobaki akazigawa kwa visahani vingine, moja moja, ili navyo visikose kitu. Ulikuwa ugawaji wa huruma kabisa, na hesabu mbovu.

"Amekosea!" Kyule akanong'ona, tayari ameinuka nusu. Lydiah aliweka kidole midomoni.

Na Kavata akageuka.

Upesi Lydiah aliivuta kanga yake ya mabegani akajifunika uso wote, kama mama anayecheza na mtoto mchanga. Kyule, ambaye hakuwa na kanga, aliinamisha kichwa akavitazama viatu vyake, na akavitazama kwa bidii kubwa. Kavata alisubiri. Hapakuwa na uso. Palikuwa na kanga ya maua na upara wa baba yake.

Akarudi kwenye mkeka.

Lydiah gizani ndani ya kanga alisali kwa maneno yasiyo na mpangilio. Ndipo wakasikia kunong'ona kule kwa kubembeleza kuku. "Wewe uko na vitano. Wewe uko na vinne. Wewe vinne. Si haki." Ushanga ukagonga trei. Kijiti kikaondolewa. Nyayo ndogo zikaenda benki, zikarudi. Kisha sauti ya shanga zikianguka kwenye visahani, moja, moja, moja, bila kusita.

Kyule aliinua kichwa. Visahani vitatu vilikuwa sawa, na mkono wa binti yake ulikuwa mtupu. Alikuwa anaandika jibu kwa tarakimu kubwa, bila raba. Kyule alitengeneza tabasamu, akalishika tayari usoni, akingojea macho ya mtoto yamwulize kama ni sawa.

Macho hayakuja. Kavata alikusanya shanga, akainuka na trei, akasimama mbele ya viatu vya baba yake.

"Dadi, songeza mguu. Nataka kupita."

Kyule akasongeza mguu. Alibaki na tabasamu lake ambalo halikuombwa na mtu, akamfuata binti yake kwa macho mpaka kwenye rafu. Kisha akakohoa.

"Madam," alisema, "Umoja nitawaambia hiyo nafasi wampe mtoto mwingine."

Lydiah aliitikia kwa kichwa tu. Kanga ilikuwa bado usoni, na hakuishusha hadi Kavata alipokwisha kuchagua kazi nyingine.