Nafasi Kando ya Bibi

Bahari ilipomaliza makaburi ya kisiwani, watu waliokwishahamia bara waliomba kiwanja nyuma ya nyumba zao mpya ili wayapange upya kwa mawe: kila marehemu na jiwe lake, kando ya jirani yuleyule aliyelala naye kule. Kazi alipewa mzee Beleshi, mchimba kaburi wao, ambaye jina lake halisi hata mkewe alishalisahau. Alipima kwa hatua zake mwenyewe huku akigombana na wafu. "Wewe sogea huko, ulizoea kubanana."

Mwanamke fundi cherehani na binti yake walisimama penye jiwe la bibi, mama yake fundi. Beleshi aliruka nafasi ndogo, ndipo akaweka jiwe lililofuata. Fundi aliiona nafasi ile. Kumbe mzee hakusahau.

"Mzee, umeacha pengo," msimamizi wa kiwanja alisema. "Kiwanja chenyewe kama leso. Bananisha."

"Hapo pana mtu."

"Nani?"

"Wenyewe wanajua. Wakinyamaza, sogeza tu."

Fundi alijua. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla hajaolewa, akafa kabla ya kupewa jina. Mama yake alimwita Beleshi wakamzika kimyakimya, bila alama, kisha akamwapisha fundi asiseme. Naye akafyata ulimi, kwa mumewe hadi anakufa, na kwa huyu binti anayejijua kuwa kifungua mimba. Kule angalau palikuwa na mchanga wa kukanyaga akijifanya anapita. Sasa hata mchanga haupo, na msimamizi ameshainama kulisogeza jiwe.

Akapiga moyo konde. "Liache! Hapo yupo mwanangu."

Msimamizi aliliachia jiwe. Binti akamgeukia. "Mwanao yupi, mama?"

"Kaka yako. Alikutangulia. Nisamehe, mwanangu, niliona haya."

Binti aligeuka. Alikwenda kwenye rundo la mawe, akarudi amekumbatia kubwa kuliko yote, machozi yakimtiririka bila mkono wa kuyafuta.

"Hilo litamlemea," fundi alisema.

"Kwani alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Fundi alinyoosha mkono, akaonyesha kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Binti aliutazama mkono ule, akalitua jiwe chini, akarudi kutafuta dogo.