Chumba cha Celina

"Angalia usimkate sikio," nilimwambia Kemilembe, na mkasi ukasimama.

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, nyumbani kwetu Nshambya, akiikata picha ya mama yake kutoka kwenye ubao wa karatasi ngumu. Tulikwisha sikia kwamba Bwana Mutalemwa wa shirika amepita Kahororo akikusanya mbao za mchezo, na sasa gari lake lilikuwa limezimwa nje. Alikuwa akifuta matope ya viatu kwenye nyasi, polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Sikumlaumu. Miaka ile hakuna aliyekuwa na haraka ya kuingia nyumba ya mwenzake.

Celina, mama yake, alikuwa mdogo wangu. Wakati wa vita tulikimbia mizinga pamoja, yeye na godoro kichwani, mimi na sufuria, tukicheka njiani kwa sababu nilikuwa nimebeba sufuria nikaacha chakula. Vita vilipokwisha tulidhani tumemaliza kuzika. Kumbe tulikuwa tunaanza. Ugonjwa ukaja, na tukazika mpaka kulia kukawa kazi kama kupalilia.

Shirika lile lilitaka kuwafundisha watoto wa shule za Bukoba na Muleba habari za ukimwi, likabuni mchezo wa nyoka na ngazi. Picha alizichora Ishengoma, mchora vibao wa Hamugembe. Alipotaka mama mwenye afya alimchora Celina, aliyekaa mbele yake asubuhi nzima na kitenge kipya, hajaugua bado. Picha zote akaliuzia shirika. Huko zilikochapishwa, mtu asiyemjua Celina akamweka mdomoni mwa nyoka. Chini yake akaandika: Umeugua. Rudi mwanzo.

Mchezo ulifika shuleni tumeshamzika. Watoto wakirusha dadu wakawa wanapiga kelele, "Nimeangukia kwa mama Kemilembe!" Hawakuwa na nia mbaya. Lakini Kemilembe aligoma kwenda shule, na chakula akawa anakitazama tu. Picha nyingine ya mama yake hatukuwa nayo. Sura yake pekee duniani ilikuwa ile, na nyoka alikuwa ameiachamia. Niliumia sana.

Mwalimu mmoja akanipa ubao uliochanika, nikaupeleka kwa Ishengoma. Alichukua wembe na gundi. Nyoka tulimtupa, Celina tukambandika kwenye chumba cha katikati ya njia, na Kemilembe akatunga sheria yake: ukifika kwa mama unakaa zamu moja, unatafuna kahawa, ndipo unaendelea. Kwetu mgeni haingii kwa mtu akatoka hajapewa kahawa ya kutafuna, hata mwenye nyumba awe kitandani. Sasa, kete zetu nazo zilikuwa punje za kahawa. Watoto walipofika kwa Celina wakatafuna kete zao wenyewe, kisha wakagombana nani alikuwa wapi. Kemilembe akacheka mpaka akashika tumbo. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Nilitoka nje, nikalia nyuma ya migomba.

Akarudi shule na ubao wake. Walimu wakaupenda, wakamletea Ishengoma mbao zao za zamani azikate na kuzibandika upya, hata Muleba mchezo wetu ukafika. Ndipo shirika likasikia.

"Ma Kokubanza," Mutalemwa alisema baada ya kukaa, "nimetumwa tu. Picha ni mali ya shirika. Ishengoma alikwisha kuziuza. Mtu hawezi kuzikata akatengenezea mchezo mwingine bila ruhusa. Ndiyo sheria."

"Basi tupeni ruhusa."

"Niliwaombea. Wamekataa. Wanasema watoto watadhani ugonjwa huu hauna hatari."

"Watoto hawa?" Nilitaka kucheka, ila nguvu sikuwa nazo. "Na uso je? Uso nao waliununua?"

Alitazama mikono yake. Kola ya shati ilikuwa imeanza kumpwaya, nami nilijua maana yake, kama tulivyojua sote.

"Uso ni wa marehemu, waitu. Picha ndiyo yao."

Kemilembe akaleta kahawa kwenye kikapu kidogo. Mutalemwa akachukua punje, akatafuna, macho yake chini. Kisha mtoto akamwekea ubao magotini. Katikati ya njia palikuwa na tundu. Mutalemwa aliligusa kwa kidole, akazunguka ukingo wake, akamtazama Kemilembe aliyekuwa ameficha mkono mmoja mgongoni.

"Niliambiwa nikusanye mbao," alisema hatimaye, akisimama. "Mbao nimezipata."

Mwaka uliofuata tulimzika Mutalemwa. Ishengoma akamfuata.

Miaka ikapita. Nilikwenda Muleba kwenye harusi, nikakuta watoto uani wamechora vyumba vya mchezo mavumbini kwa kijiti. Picha hakuna, nyoka hakuna. Binti mmoja alifika chumba cha katikati, akakaa chini, akatoa punje ya kahawa kwenye pindo la gauni, akatafuna. Wenzake wakamngoja bila kelele.

"Hapo ni kwa nani?" nikauliza.

"Kwa mama."

"Mama yupi?"

Akapandisha mabega. "Hatumjui. Ila hupiti bila kukaa."

Akanisogezea punje moja. Nikavua viatu, nikakaa.