Kiuno cha Baba Ummi

Nilitaka kujua tu: asilimia kumi ya mgongo wa mtu ni pingili ngapi?

Barua ya ofisi ya askari wa zamani ilisema ulemavu wa mume wangu ni asilimia kumi. Baba Ummi ni mpigania uhuru wa Afrika Kusini niliyemwokota Morogoro angali ana nywele. Aliangukiwa na sanduku la risasi mazoezini. Sasa, mwaka huu wa 2017, analinda magari ya watu huku kwao, karibu na uwanja wa Ellis Park, kutwa kasimama, na jioni viatu namvua mimi. Akifika asilimia thelathini, malipo ya askari wa zamani yatatosha akae kitako. Kumi ni hewa.

"Kata rufaa," nikamwambia.

"Eish, Mama Ummi! Daktari mwenyewe kanitazama tumbo tu."

"Tumbo? Una mimba?"

Nikacheka, halafu nikakumbuka. Fomu ya kuomba malipo niliijaza mimi, maana miwani yake ilivunjika. Alinitajia kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu: "Andika, kiuno kinauma." Mimi fundi cherehani hapa Bertrams, darasa la saba, Kiingereza changu cha wateja. Nikaandika lile neno la kupimia suruali, "waist", pale panapopita mkanda. Daktari akatafuta ugonjwa mkandani, akakuta kitambi. Na mzee kwa madaktari hasemi.

Siku ya rufaa nikaingia naye. Safari hii daktari alikuwa mama wa makamo.

"Panauma wapi, baba?"

Akasimama wima kama yuko gwaridani. "Kidogo tu, daktari. Niko sawa."

"Mwongo huyo!" Nikampandisha shati, nikatoa chaki yangu ya kukatia nguo, nikamchora msalaba mgongoni, juu kidogo ya makalio. "Kiuno cha Waswahili kiko huku nyuma. Bonyeza hapa."

Akabonyeza. Mume wangu akamwita mama yake, marehemu.

Tukapelekwa kupiga picha. Daktari aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hiyo chaki inatoka?"

"Ikifuliwa."

"Basi usimfue kwanza."

Barua ya pili ilisema thelathini na tano. Koti lake la njano la ulinzi akampa jirani yetu Jumbe, akakaa kitini, miguu kainyoosha.

"Na ile sitini na tano iliyobaki?" nikamuuliza, maana bado nilitaka kujua.

"Hiyo ndiyo nzima."

"Haya, hiyo nzima iinuke ikachemshe chai."