Mafyulisi ya Mama Marta

Chumvi ile niliipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri, tena na mvua ya huku kwetu Mgwashi ile isiyokatika, halafu mume wangu Kornelio anataka kuimwaga yote kwenye barafu! Nikamwambia, "Umerogwa wewe, si bure."

"Bila chumvi aiskrimu haigandi, Rahabu," alisema, hata macho hakuinua. Alikuwa anasugua mashine aliyoachiwa na mzungu wake shamba lilipotaifishwa: ndoo ya mbao, ndani yake kopo la bati, juu mpini wa kuzungushia. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa ilikuwa inalaliwa na kuku.

Miaka kumi na minane Kornelio alikuwa mpishi wa mzungu huyo. Na miaka hiyo yote mama yake, Mama Marta, aliwaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe anatunza bustani. Mwanamume kusonga ugali! Aibu ilimkaa rohoni. Hakuwahi kuonja chochote alichopika Kornelio. Akijua tu kwamba mwanawe amegusa sufuria, anasema ameshiba.

Sasa koo lilikuwa limemvimba. Siku ya tatu hata uji haupiti, maji yenyewe anayatema. Mganga wa zahanati akatuambia tujaribu vitu vya baridi, maana asipomeza chochote wiki haimalizi.  Kornelio akashuka Mombo, akapanda basi la Tanga, na kesho yake akarudi na jiwe la barafu ndani ya gunia la maranda, limepungua nusu, shati limemlowa mgongo mzima.

Basi nikamwaga chumvi. Niliimwaga huku nanung'unika, sikufichi.

Mafyulisi tuliyachuma kule tulikohama, kwenye mti alioupanda mama mwenyewe mwaka alioolewa. Tukayamenya, tukayaponda, tukayachanganya na maziwa mazito na sukari iliyokuwa imebaki. Kornelio akazungusha mpini, barafu inakwaruza kopo, hadi mpini ukaanza kuwa mzito. Nikaitazama mikono yake. Kwenye shamba la kijiji watu humcheka anavyoshika jembe, na mimi nilikuwa nacheka nao, Mungu anisamehe. Hapa mikono haikubabaika hata kidogo. Niliona fahari, na uchungu pia, kwamba nimechelewa hivyo kuiona.

Alipofungua kopo alijaza bakuli, akanipa mimi. "Mpelekee. Mwambie umetengeneza wewe."

"Mimi? Baada ya kazi yote hii?"

"Akijua ni mimi hatakula. Nataka ale tu, Rahabu."

Akabaki nje ya mlango. Mimi nikaingia, nikaketi kitandani.

"Nani katengeneza?" mama akauliza, sauti haitoki vizuri.

"Mimi, mama."

Nikamtia kijiko kinywani. Akafumba macho. Nikaliona koo linapanda, linashuka. Kimepita! Cha pili kikapita, na cha tatu. Nusura nipige kigelegele. Bakuli lilipofika nusu akanishika mkono.

"Rahabu, miaka kumi na sita nakula mapishi yako."

"Ndiyo, mama."

"Maharage yako yanaungua kila Jumapili."

"Jamani, mama!"

"Hiki si chako. Usinidanganye nami naumwa." Akameza mate kwa taabu. Kisha akageuza uso mlangoni. Chini ya ule mlango wa mbao miguu ya Kornelio ilionekana, haisogei.

"Mwite mpishi," akasema. "Mwambie aje anilishe mwenyewe."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Sikuhitaji kumwita mtu. Kornelio aliingia, vidole bado vina chumvi, akapokea kijiko. Alipochota, mama akaushika mkono wake, akaupeleka mwenyewe kinywani.