Ndege Juu ya Paa la Sardar Gurmej

Pale kijijini Punjab, ukitaka kujua mtoto wa nani kafika Kanada, huna haja ya kuuliza mtu. Unatazama mapaa tu. Mwenye mtoto ng'ambo hajengi tanki la maji kama la watu wengine. Anajenga la saruji lenye umbo la kutamba: tai, mpira wa miguu, na wenye majigambo kabisa, ndege ya abiria, yenye mabawa na mkia. Sardar Gurmej alikuwa na ndege kubwa kuliko zote, imechorwa jani jekundu la Kanada mkiani. Kasoro yake moja tu. Mwanawe Jagrup hakuwa Kanada. Alikuwa ndani ya hiyo ndege.

Haraka ya mzee ndiyo iliyoleta yote. Wakala wa viza alimwambia, "Sardar, wewe hesabu kijana keshafika." Mzee naye akahesabu kweli. Akagawa laddu, vile vitamu vya sherehe, kijiji kizima, akaita fundi. Fundi akajenga mpaka shingoni, mavuno ya ngano yakaingia, akatokomea shambani kwake. Jagrup akaimalizia mwenyewe. Alisuka nyaya, akapiga lipu, akapaka dawa ya kuzuia maji tabaka kwa tabaka, hata akasahau kula. Mama yake akawa anamwita kama anaita kuku.

Siku ya safari akavishwa mashada ya maua, shangazi wakalia. Yeye na baba yake wakafika kwenye mgahawa mmoja barabara ya Delhi, walikokuwa waichukue viza, simu ya wakala ikalia. Viza imekataliwa. Mara ya tatu hiyo.

"Baba, turudi tu nyumbani," Jagrup akasema.

"Turudi vipi? Laddu zimeshaliwa! Watu wazitapike?"

Basi akarudishwa amelala chini ndani ya gari, kafunikwa magunia ya pumba. Akapandishwa juu ya paa, akaingizwa kwenye ndege, maana mabomba yalishaunganishwa lakini maji yalikuwa bado kuingizwa. Ni mpaka wakala ajaribu tena, mzee alisema. Mama akawa anapanda na ndoo ya nguo za kuanika, chini ya nguo kuna roti na dengu.

Na kila saa kumi na moja jioni, lazima apige simu ya picha. Majirani wanajaa uani, mzee anaishika simu juu kama taa. Kule ndani Jagrup kavaa koti la sufu, nyuma yake katundika shuka jeupe.

"Hiyo ndiyo theluji yenyewe?" akauliza jirani yao, Shangazi Nasib.

"Ndiyo, Shangazi. Imefika magotini."

"Mbona unatiririka jasho?"

"Wanawasha moto sana humu ndani."

"Haya. Na huyo jogoo anayewika?"

"Jirani yangu ni Mpunjabi pia, anafuga kuku."

Shangazi Nasib akatabasamu, na huyo mama akitabasamu hata mbwa wanahama. Yeye mwenyewe alikuwa na mwana Kanada miaka tisa. Mwana huyo kamjengea tanki la umbo la mpira kwa kuagiza mafundi kwa simu, bila kuja kuliangalia, na huo mpira ulimvujia jikoni mwaka mzima.

Wiki ya tatu, katikati ya simu, kipaza sauti cha gurdwara, hekalu la Masingasinga, kikakoroma: "Tangazo! Nyati wa maziwa wa Nasib Kaur amepotea! Mwenye pembe moja iliyopinda! Atakayemwona atoe taarifa!"

Uani likasikika. Na ndani ya simu likasikika, neno kwa neno, mpaka ile pembe.

Mzee akaikoholea simu.

"Makubwa haya," Shangazi Nasib akasema. "Nyati wangu katoka asubuhi tu, tayari Kanada wanamtafuta?"

"Mtandao huo, dada yangu, mtandao..."

"Haya, mtandao. Lakini Sardar, ndege yako hii mbona haijawahi kunywa maji? Watu wanasema ni pambo tu, ukiijaza itapasuka."

"Nani anasema?"

"Mimi."

Na kabla mzee hajajibu, kidole cha Shangazi kilishafika kwenye swichi ya pampu.

Jagrup akasikia bomba linaguna, halafu maji yakamshukia mgongoni. Akatoka baridi ya shuka akaingia baridi ya kweli. Akitoka, baba yake atachekwa mpaka kaburini. Akibaki, atakufa maji ndani ya ndege iliyosimama. Maji yakafika magotini. Yakafika kiunoni. Simu akaiinua juu, na picha yake kule uani sasa ilikuwa ni pua na kifuniko cha tanki.

Halafu akakumbuka kitu. Ule mshono wa shingoni, pale alipoachia fundi! Akajisahau kabisa. Je, unavuja? Akachungulia kwa nje kupitia tundu la hewa. Pakavu. Akachungulia bawa la kushoto, la kulia. Pakavu tupu. Maji yanafika kifuani, naye anacheka peke yake.

Akasukuma kifuniko, kichwa kikachomoza mgongoni mwa ndege, koti la sufu likiwa bado mwilini.

"Baba! Halivuji! Hata tone!"

Uani watu wakaanguka wakicheka. Mtu akapiga kelele, "Karibu nyumbani! Theluji imeyeyuka?" Mzee Gurmej kilemba kilimsogea, uso ukawa rangi ya lile jani mkiani.

Shangazi Nasib peke yake hakucheka. Alikuwa anaizunguka nyumba, kainua shingo, anakagua tumbo la ndege kama anakagua ng'ombe wa kununua. Akapitisha kiganja kwenye ukuta ulio chini yake. Akakitazama kiganja: kikavu.

"Wee Jagrup. Umelijenga wewe hili?"

"Kuanzia shingoni, Shangazi."

"Kesho asubuhi uje univunjie ule mpira."

Jagrup akafungua mdomo aseme ndiyo. Mzee akamwahi, huku anakiweka kilemba sawa.

"Kesho hana nafasi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kijana wangu ana shughuli nyingi. Labda Jumanne. Na wewe unataka ndege ya namna gani?"

"Ndege ya nini, Sardar? Ndege ilinichukulia mtoto," Shangazi akasema. "Nijengee nyati. Mwenye pembe moja iliyopinda."