Lori la Sehemu ya Tisa

Katika tamthilia zote za Kikorea nilizotazama tangu nistaafu, na nimetazama nyingi kuliko rozari nilizosali, Mungu anisamehe, sijaona dereva wa lori mwenye akili timamu. Lori ni jeupe. Linakuja kasi, taa zinawaka mchana kweupe, breki hakuna, honi hakuna. Linamgonga mtoto wa tajiri anayevuka barabara huku anasoma simu, na dereva hatumwoni tena. Tajiri akilazwa na plasta moja kwenye paji la uso, watu wanalia sehemu nne mfululizo. Dereva hapewi jina wala mke, na hakuna anayeuliza kama amekula.

Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na moja, mahindi kwenda Dar, mbolea kurudi Songea. Nimepita njia ya Tunduru kabla ya lami. Namasakata nilikwama kwenye tope siku tatu, simba akaja akalala mbele ya bampa. Siku ya kwanza tuliogopana. Siku ya pili nilimgawia dagaa. Siku ya tatu alikuwa ananilindia mzigo mimi nikaoge mtoni. Hata huyo sikumgonga. Leo Mkorea anionyeshe madereva wa lori wanaua watu kama nzi, nami nitulie?

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Mke wangu Domina anazipenda tamthilia hizi kunizidi. Zile ambazo mtu anatafsiri kwa kelele juu ya waigizaji hazitaki. Anasema yule mtu anakohoa mahali pa mapenzi. Kwa hiyo tunachukua zenye maandishi ya Kiingereza chini, na msomaji ni mimi. Kiingereza sikufundishwa na mtu. Nilikiokota kwenye magunia ya mbolea, vitabu vya injini na magazeti niliyofungiwa maandazi. Domina anakaa mkekani anachambua maharage, mimi kwenye kiti changu namsomea. Maneno yakipita haraka kuliko macho yangu, najazia.

Sehemu ya tisa, lori likamgonga mtoto wa mwenye kampuni. Jeupe, kama kawaida yao. Domina akasonya, akasema madereva hawa ni wanyama. Amekula jasho la lori miaka yote, halafu anasema hivyo mbele yangu. Nikamwambia dereva hana kosa, amekodiwa. Akauliza amekodiwa na nani. Kwenye kioo palikuwa na yule binti maskini, mchumba wa kijana, amepiga magoti barabarani analia. Nikasema ni yeye.

Domina akaacha maharage. "Huyu mwenye adabu hivi?"

"Huyu huyu. Adabu yote hiyo anatafuta urithi."

Nilisikia raha, sitaki kuficha. Ila zilibaki sehemu saba, na uongo wa namna hiyo una kazi. Binti akilia, nikasema anajizoeza. Alipompelekea mama mkwe uji hospitali, akampa bakuli kwa mikono miwili kama Wakorea wanavyowapa wakubwa wao, nikasema uji una sumu. Mama akanywa, hakufa. Nikasema ni sumu ya polepole. Mwishoni wakafunga ndoa na mama mkwe anacheka, nikasema sumu imekwisha kupanda kichwani.

Wiki mbili baadaye, Aidani, kijana wetu wa mwisho, akatuletea Leticia.

Leticia ni mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Lusewa. Anafundisha shule ya msingi hapa mjini na anakaa kwa shangazi yake, Kasiana, kule Bombambili. Walikuja kwetu Mfaranyaki Jumapili baada ya misa. Binti akapiga goti, akatupa shikamoo mmoja mmoja, akaingia jikoni bila kutumwa, akatoka na chai. Kikombe cha Domina alikitoa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama mabinti wa huku wanavyolelewa.

Nikamwona mke wangu anavyokitazama kile kikombe.

Ile chai ilikaa hadi ikafanya ngozi juu. Wageni walipoondoka aliimwaga kwenye migomba, akasema binti yule haolewi kwenye nyumba hii, adabu za namna ile anajua zinaishia wapi. Aidani aliuliza kosa la mchumba wake mara tatu, hakupewa jibu. Akaja kwangu.

"Baba, sema neno."

Nikamwambia tumpe mama muda. Nilikuwa na hasira na Domina kwa kuniamini. Nilikuwa na hasira na Wakorea. Nilikuwa na hasira hata na waliochapa Kiingereza kwenye magunia ya mbolea. Mimi mwenyewe nilijiacha kando.

Sasa, kwenye tamthilia, mama wa tajiri akitaka kumfukuza binti maskini anamkalisha hotelini, anasukuma bahasha nene mezani, basi. Haelezi kitu. Domina bahasha hana, ana mahindi. Jumatano alimwita Pankrasi mwenye guta, akapakia magunia mawili ya mahindi makavu, akamtuma kwa Kasiana. Pankrasi akauliza akifika aseme nini. Domina akamjibu kwamba wenyewe wataelewa.

Wakaelewa. Magunia mawili kutoka kwa mama wa kijana, hata barua ya posa haijafika! Pankrasi alirudi akisema Kasiana amepiga vigelegele mpaka majirani wametoka nje, na Jumamosi wanakuja kushukuru.

"Hawana haya," Domina akasema. "Wa Korea angalau bahasha wanairudisha."

Jumamosi saa nane mchana wakafika: Kasiana, Leticia, na Joachim, baba yake mdogo, aliyepanda basi alfajiri kutoka Lusewa. Walibeba ndoo ya togwa iliyotoka kwenye mahindi yale yale. Joachim alishukuru kwa maneno marefu, akasema hajapata kuona wakwe wenye moyo kama sisi. Mimi nilikuwa natazama kucha zangu. Leticia akachota kikombe cha kwanza, akapiga goti mbele ya Domina, akakitoa kwa mikono miwili.

"Kunywa wewe kwanza," Domina akasema.

Maneno hayo kwetu anaambiwa mtu anayedhaniwa mchawi. Joachim akavaa kofia yake. Aidani akainuka, akasema taratibu kabisa kwamba wageni wakitoka na yeye anatoka, na asitafutwe. Leticia alikuwa bado amepiga goti, togwa inamwagikia vidoleni.

"Huyu hakukodi lori," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Mama Aidani, hata yule wa Korea hakukodi. Uji ulikuwa uji. Nilitunga."

"Ulitunga nini?"

"Kuanzia sehemu ya tisa."

Ikabidi nieleze yote mbele ya wakwe, lori, bahasha, sumu ya polepole. Nilieleza kwa ukali, kama mtu anayedai haki yake, maana njia nyingine sikuijua. Habari za madereva nilizisema kwa kirefu. Joachim alivua kofia, akavaa, akavua tena. Domina alisikiliza hadi mwisho.

"Na yule simba wa Namasakata?" akauliza.

Nikarudi kutazama kucha zangu.

"Nimewalea watoto watano kwa hadithi ya yule simba," akasema, na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Kisha akapokea kikombe kwa mikono yake miwili, akanywa togwa yote bila kupumua, akamwambia Leticia ainuke, sakafu ina baridi. Akamwomba msamaha kwa jina lake. Kasiana, ambaye muda wote alikuwa anahesabu mambo kichwani, akauliza kama basi yale mahindi yalikuwa ya kuwafukuza.

"Yalikuwa," Domina akasema. "Sasa ni ya harusi. Nitaongeza mawili."

Siku hizi, Jumapili, anayesoma ni Leticia. Kiti changu amepewa yeye. Mimi niko mkekani na maharage. Domina aliamuru turudie kuanzia mwanzo, na nikithubutu kufungua mdomo anainua upawa.

Jumapili iliyopita tulifika sehemu ya kumi na tatu. Kuna mzee amesimama mlangoni pa wodi, kofia mkononi. Nilimkumbuka, nilikuwa nimesema ndiye muuza sumu. Leticia akasoma. Ni dereva wa lori. Ana jina, ana mke mgonjwa, na alikuwa hajalala siku mbili kwa sababu mwenye kampuni, baba yake yule kijana, alimnyima ruhusa. Amekuja kuomba msamaha. Wote wanamfokea, na anayempa kiti ni yule binti.

Alikuwepo pale siku zote, na mimi nikampita, nimeshughulika na uji.

"Rudisha nyuma," nikasema. "Nisomee tena jina lake."

Domina akainua upawa.