Dirisha la Chumba cha Lettice

Mwanangu Ambrose Luscott alikuwa akiuza mvinyo wa Ureno, na kwa miaka saba alikuwa pia mbunge wa mji wetu wa Marlacombe. Mwaka ule alipingwa na Bwana Hext, mwenye mashamba, na upigaji kura ulipangwa uende siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi.

Kwetu kura husemwa kwa sauti. Mwanamume anapanda jukwaani uwanjani, anataja jina lake na jina la anayemtaka, na mji mzima unasikia. Kwa hiyo mgombea humpa kila mtu mkono, hubusu watoto wao, na huacha mlango wake wazi wapiga kura waje na wake zao na watoto wao, wale nyama na wanywe pombe ya shayiri mpaka siku ya mwisho. Akifunga mlango, watu husema amekwisha.

Jumatatu jioni mjukuu wangu Lettice, mwenye miaka sita, alilalamika kwamba mgongo unamuuma. Alhamisi asubuhi nilifunua kifua chake nikaona vipele. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Uso wangu mwenyewe una mashimo ya ndui tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Ambrose alisimama kwenye ngazi, hakuingia. Yeye hakuwahi kuugua. Ndui ilipokuja mjini akiwa mdogo nilimpeleka shambani kwa dada yangu, na kwa miaka mingi nilijisifu kwa hilo. Mkewe Dorcas pia hakuwahi, na alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilimkataza kuvuka kizingiti. Akakaa kwenye ngazi siku nzima, akimwimbia mtoto kupitia mlango uliofungwa.

"Mpaka Jumamosi, mama," Ambrose aliniambia. "Siku tatu tu. Nampita Hext kwa kura kumi na moja."

"Mwite Tabibu Yeo."

"Yeo? Huoni utepe wa buluu kwenye kofia yake? Ni mtu wa Hext huyo kuanzia kofia hadi soksi. Nikimwita, kabla hajafika hapa uwanja mzima utakuwa unajua. Nani atanipa mkono? Nani atapanda jukwaani niliposimama mimi?"

"Na hao wanaokula chini? Wana watoto, Ambrose."

"Mtoto yuko juu, wao wako chini." Kisha akakaa chini kwenye ngazi. "Mama, nikikosa kiti hiki, mvinyo ninaoliuzia jeshi la majini atauuza mtu mwingine. Kazi ya miaka ishirini yote inakwenda. Usiniue."

Sikumwita Yeo. Ni mwanangu, na nilimhurumia.

Dirisha la Lettice lilitazama barabarani, na mtoto alikuwa ameanza kulia kwa sauti. Ambrose aliniletea mbao, nami nikazipigilia misumari kwa ndani. Tukawasha moto mkubwa. Siku zile tuliamini kwamba joto huitoa ndui mwilini, basi nilimfunika blanketi nne, ile nyekundu ikiwa juu, kwa maana walisema wekundu huivuta. Tamsin, mpishi wetu, ambaye naye ana makovu, alipanda kila saa na maji ya shayiri bila kuagizwa. Alivua viatu vyake chini ya ngazi ili asimwamshe mtoto. Watu mia walikuwa wakimsubiri awakatie nyama, naye akakumbuka kuvua viatu.

Ijumaa macho ya Lettice yalifunga kwa uvimbe. "Bibi, nani amezima mshumaa?" aliuliza. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alijaribu kutupa blanketi, nami nikazirudisha. Alijaribu tena, nikazirudisha tena.

Nilishuka kuchukua kuni. Chini ya ngazi nilimkuta Zachary Pook, mshona viatu, amembeba binti yake Phoebe, bado hajatimiza mwaka, vidole vimejaa pudini tamu ya karamu.

"Bi Mkubwa! Umejificha wapi? Tunakula chakula chako mpaka mkanda unataka kukatika, na wewe hatukuoni. Rafiki yangu Lettice yuko wapi? Nimemshonea mwanasesere wake viatu. Tazama, na kisigino kipo."

Vilikuwa vidogo kama maharage. Phoebe alinyoosha mikono nimchukue. Aproni yangu ilikuwa na majimaji ya vipele vya mjukuu wangu. Nikarudi nyuma ghafla mpaka nikagonga ukuta.

"Usimlete kwangu, Zachary."

"Ee! Kwani amekukosea nini? Labda pudini kidogo mikononi, lakini baba yake anapiga kura leo mchana, na si kwa Hext."

Alicheka. Akaviweka vile viatu kwenye ngazi, akarudi kula na mtoto wake.

Nilibaki peke yangu chini ya ngazi. Ndani nilisikia watoto wengine, wengi, wakikimbizana chini ya meza. Juu nilimsikia wangu. Nikapanda, nikachukua chuma cha kuchochea moto, nikang'oa mbao moja baada ya nyingine, nikafungua dirisha. Barabara ilikuwa imejaa watu na sahani zao.

"Nyumba hii ina ndui!" nilipiga kelele. "Watoeni watoto! Na mwiteni Tabibu Yeo!"

Kwanza nyuso zote zikainuka. Halafu sahani zikaanza kuanguka. Mama mmoja alimtoa mwanawe mlangoni kwa kumshika nywele. Zachary alipita mbio, Phoebe amefungwa ndani ya koti lake, hakutazama juu.

"Luscott anawalisha ndui na haradali!" alipaza sauti mtu mmoja wa utepe wa buluu. "Haya, nani anataka kumpa mkono mheshimiwa sasa? Pangeni foleni!"

Yeo alifika akihema. Mlangoni aliuchomoa ule utepe kofiani, akautia mfukoni. Hakuna aliyemwomba. Aliingia, akaitupa ile blanketi nyekundu sakafuni, akamwaga maji kwenye moto.

"Nani amewasha tanuri hili?"

"Mimi."

Alimtazama mtoto muda mrefu, akamshika mkono. Akaniambia polepole, mimi peke yangu, "Bi Mkubwa, mngeniita Alhamisi ningekuja kwa mlango wa nyuma. Nisingemwambia Hext. Nisingemwambia hata mke wangu. Ningewataka mfunge jiko tu, watu wasiingie, na sababu ya kuwaambia mngeitafuta wenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa tumpe hewa."

Ambrose alikuja mchana. Jukwaani watu walikuwa wameanza kumkimbia; mzee mmoja aliyekwisha panda ngazi alishuka bila kusema jina la mtu. Dorcas alimshika koti kwa mikono miwili. Alijinasua, akasimama kizingitini.

"Baba?" Lettice alimjua kwa hatua zake. "Umeshinda?"

"Nimeshindwa, mwanangu."

"Basi hutoki tena?"

"Sitoki."

Ningeweza kumzuia. Miaka thelathini na mitatu nilimkinga na ugonjwa ule. Nilisogeza kiti changu, akapita, akalala kando yake, na shavu lake akaliweka juu ya shavu la mtoto.

Lettice alifariki Jumamosi adhuhuri, kengele za kanisa zikilia kwa ushindi wa Bwana Hext. Tulimzika Jumapili. Zachary alikuja, akasimama mbali nje ya ukuta wa makaburi, akavua kofia na kukaa vile mpaka mwisho. Phoebe hakuugua.

Ambrose naye alishikwa na ndui siku ya kumi na mbili. Nilimuuguza dirisha likiwa wazi. Kwa siku nne hakunijua, kisha homa ikashuka, na uso wake ukabaki kama wangu. Siku ya kwanza aliyoweza kukaa kitandani aliniuliza, "Mama, ningemwita Yeo Alhamisi, angesema?"

"Angesema," nikamwambia. "Angekimbia moja kwa moja uwanjani."

Alifumba macho. Nikachukua bakuli la uji, nikaendelea kumlisha kijiko kwa kijiko.